Mistari Kutoka Ndani ya Gunia la Pamba

Saa mbili asubuhi, kijijini Nkoma, wilayani Bariadi, gunia linachana mistari. Walau ndivyo anavyodhani mgeni. Gunia kubwa limening'inizwa kati ya miti miwili, na ndani yake kuna mtu anayerukaruka kuishindilia pamba kwa miguu. Kwanza vinasikika vishindo, kisha sauti ya kike, na kadiri pamba inavyopanda ndivyo kichwa cha Nyanjige Mayunga kinavyochomoza.

"Mwangaluka, mgeni," anasalimu huku akihema. "Ngoja nimalize ubeti."

Nyanjige ana miaka ishirini na mitatu. Kila gunia analojaza linampa shilingi mia tatu, na kwa siku njema hujaza manne. Kazi hii imeletwa na soko huria. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Mwaka huu wa 2001 wapo watatu, kila mmoja na mizani yake na redio yake ya kuvutia wateja. Kwenye redio hizo ndiko alikosikia rap.

"Nikasema, kumbe hawa wanafanya kama baba, ila wao hawana ngoma!" anacheka.

Baba yake, Mzee Mayunga Sayi, ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma za Kisukuma. Kwa miaka thelathini ameongoza kundi lake kwenye mbina, mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Binti alipoanza kuchana, mzee aliona haya.

"Aliniambia hayo ni maneno ya wahuni wa stendi. Miezi minane hakunisemesha zaidi ya salamu. Iliniuma, sikufichi."

Vijana wa Bariadi mjini nao hawakuwa na huruma. Paschal, kinara wa kundi la wachanaji watatu, alimkubali kundini kwa sharti moja.

"Alisema kazi ya mwanamke ni kiitikio. Nikamwambia, kiitikio kaitikie mwenyewe."

Ndipo wakapangiana kukutana uwanjani siku ya Saba Saba. Nyanjige aliomba washindane kama kwenye mbina: pande mbili za uwanja, wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu. Hakuna jaji mwingine. Akaapa mbele za watu kwamba akishindwa, hatachana tena.

Vijana waliitikia haraka haraka. Walikuwa na spika mbili na jenereta. Yeye alikuwa na kipaza sauti cha betri na wenzake wanne wa kushindilia pamba, waliompigia mdundo kwa miguu yao. Walichosahau vijana ni kwamba uwanja ulijaa wakulima. Wao wakachana kuhusu mitaa ya Dar es Salaam, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Nyanjige akachana hivi:

"Jembe nimeshika mimi, palizi nimelima,
Pamba nimechuma mimi, mgongo unaniuma,
Siku ya mizani, bwana ndiye yuko mbele,
Jioni karudi na bi mdogo na vigelegele!"

Domitila Ngassa, mkulima mwenye wajukuu sita, alikuwa upande wa spika. "Nilihama nakimbia! Mume wangu akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu, naenda kusikiliza habari zako."

Paschal naye hajifichi. "Tulibaki na jenereta letu," anasema. "Yule dada ni mkali, basi."

Lakini katikati ya uwanja alibaki mtu mmoja amesimama, Mzee Mayunga.

"Nilimwona, nikakaribia kusahau mistari," anasema Nyanjige. "Uwanja mzima ulikuwa kwangu, lakini bila yeye nisingehesabu kwamba nimeshinda."

Kwenye ubeti wa tatu, mzee akaanza kutembea. Akavuka, akaja mpaka mbele, akavua kofia.

Leo mzee ameketi kando ya gunia la bintiye, akisubiri pamba yake ipimwe. Namuuliza kwa nini alichelewa kuvuka siku ile.

"Ningi akimsikiliza ningi mwenzake, kwanza anatafuta kosa," anajibu. "Nilitafuta, sikuliona."

Mwezi ujao Nyanjige anakwenda Mwanza kurekodi kaseti yake ya kwanza. Nauli anayo, mistari anayo. Nauliza kiitikio ataimba nani. Anacheka, anamtazama baba yake.

"Miaka thelathini watu wananiitikia mimi," anasema mzee. "Kwa huyu, naitikia mimi."