Pete za Darubini na Kijicho Changu

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia kijana akilalamika kwamba mwenzake kazini anapendelewa. Keti hapa nikusimulie. Jambo lenyewe si la kujivunia, na nikilichelewesha nitalimeza tena kama nilivyolimeza zamani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, naishi Makongeni na mama yangu aliyekuwa karani wa reli. Kazi yangu ilikuwa mtaa wa Baba Dogo, kwenye karakana ya Mzee Otieno. Majirani zetu pale walichomelea mageti na kutengeneza masufuria, lakini sisi tulikuwa na kibali cha serikali cha kurekebisha bunduki za walinzi wa ranchi na za watu wa kulenga shabaha. Mzee Otieno alikuwa fundi wa kweli. Alikuwa akisikiliza skrubu ikiingia kama daktari anavyosikiliza kifua.

Nilikuwa nimemtumikia miaka sita. Nilisafisha mitutu, nikapiga msasa, nikabadilisha springi. Kazi moja tu hakuwa amenipa: kufunga darubini juu ya bunduki. "Bado, Barasa," alikuwa akisema. "Una haraka." Nami nilikuwa na haraka kweli, lakini nani hupenda kuambiwa?

Ndipo akaja Mwikali. Alikuwa binti wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, na aliletwa kurekebisha mbao za bunduki zilizopasuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua. Mwezi wa kwanza Mzee alimsifu kwa mbao. Mwezi wa pili akampa kiti cha karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri, nilichokuwa nakitamani tangu niajiriwe. Mwezi wa nne nikamsikia akimwita "fundi." Mwanangu, neno dogo kama hilo laweza kumchoma mtu wiki nzima. Nilianza kuhesabu mara ngapi Mzee anacheka naye na mara ngapi anacheka nami. Hata mama alinigeuka. Nilipeleka karakana mwiko wake uliovunjika mpini, Mwikali akautengeneza, na mama akausifu mwezi mzima: "Huyo msichana ana mikono." Nilikula ugali uliosongwa kwa mwiko ule, nikaubakiza nusu.

Hasidi hana sababu. Mwikali hakuwa amenikosea lolote. Kila asubuhi alinisalimu, "Niaje, Barasa?" nami nikajibu kwa pua.

Siku hiyo alikuja mlinzi mkuu wa ranchi moja ya Laikipia, na bunduki nzito na darubini mpya. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa akiwasumbua wachungaji wa ranchi, na mmoja alikuwa hospitalini. Alihitaji darubini ifungwe barabara. Mzee aliitazama bunduki, akanipita, akaiweka mbele ya Mwikali. "Fundi, chagua pete, ufunge. Kesho tunaenda kuijaribu."

Pete, mwanangu, ni vyuma viwili vinavyoishika darubini juu ya bunduki. Watu hudhani pete ni pete. La. Zikiwa pana kuliko mwili wa darubini, haitashikika. Zikiwa nyembamba, zitaubana mpaka uumie. Zikiwa ndefu sana, anayelenga atainua shavu kutoka kwenye mbao, na shabaha itayumba; zikiwa fupi sana, kioo cha mbele kitagusa mtutu. Nilikaa pembeni nikisugua chuma ambacho kilikuwa kimeshang'aa, nikiomba akosee. Hakukosea. Alipima, akajaribu jozi tatu, akachagua ile iliyoacha nafasi ya kupitisha karatasi chini ya kioo. Alifuta mafuta yote. Alikaza skrubu kidogo kidogo, ya kushoto kisha ya kulia, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Kila alivyopatia ndivyo roho yangu ilivyozidi kuwa chungu.

Kisha nikaona kosa, maana miaka sita nilikuwa nimemtazama Mzee akifunga. Kile chuma cha juu ya bunduki kilikuwa na mikato kama meno ya kitana, na fundi huchagua pete ikae mkato upi. Mwikali alikuwa amezoea bunduki ndogo, zisizopiga teke bega zinapofyatuliwa. Pete zote mbili alizifunga mkato mmoja nyuma. Darubini ilikuja karibu mno na jicho. Panapohitajika nafasi ya vidole vinne, palikuwa na vidole viwili na kidogo.

Mzee alikuwa ametoka. Mwikali akaniita mwenyewe. "Barasa, hebu kuja uangalie. Iko sawa?"

Nilisogea, nikainama, nikaangalia. Nikasema, "Iko sawa."

"Si iko karibu kidogo?"

"Iko sawa tu. Wewe si ndiye fundi?"

Nilijiambia kwamba kesho Mzee ataligundua kosa, atamkemea mbele ya mteja, basi. Ndivyo wivu unavyosema nasi, mwanangu. Hukuahidi kwamba madhara yatakuwa madogo.

Kesho yake tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Mzee alishika pete, akazitikisa, hazikucheza, akatabasamu. Alimwamini Mwikali, hakupima tena. Akaketi, akalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akasogeza kichwa mbele. Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini nilimtazama Mwikali amesimama pale amejaa fahari, nikaufunga.

Bunduki ililia. Ukingo wa darubini ulirudi kama nyundo. Mzee Otieno alianguka kando akiwa ameshika uso, na damu ikapita katikati ya vidole vyake.

Alishonwa juu ya jicho la kulia, jicho lake la kulengea. Kidonda kilipona, lakini jicho lilibaki na ukungu. Watu aliwaona; mkwaruzo mdogo kwenye chuma hakuuona tena maishani.

Mwikali alisema maneno machache tu: "Mkono uliofunga ulikuwa wangu." Hakutaja kwamba aliniuliza. Wiki hiyohiyo akaondoka, nami nikapewa kiti cha dirishani na kazi ya darubini. Nilichokitamani miaka sita kilikuwa mikononi mwangu, na kila nilipokaza skrubu niliona damu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja, alizaliwa mara moja.

Siku ya tisa nilikwenda nyumbani kwa Mzee, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Aliisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Barasa, kijicho chako kimekula jicho langu."

Nililia. Hakuninyamazisha.

"Kwangu umeshasema," akaendelea. "Lakini mimi nilipoteza jicho. Yule msichana amepoteza jina. Nenda ukamrudishie."

Nilimpata sokoni Kiamaiko, katikati ya kelele za mbuzi, akiwatilia wachinjaji mipini ya visu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, wachinjaji wakisikiliza. Hakushtuka.

"Nilijua," alisema. "Uliponijibu uliangalia chini. Nilijua hiyo kitu iko karibu, na bado nikakuamini kuliko macho yangu."

"Mbona hukumwambia Mzee?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nilifunga kitu sikijui, halafu nikangoja mtu anichukiaye anifundishe?" Alipuliza vumbi la mbao kwenye mpini. "Ungesema tu, Barasa. Neno moja. Ningekushukuru mbele ya kila mtu."

Alirudi karakana, lakini si siku hiyo, na si kwa ajili yangu. Mzee alimwendea mwenyewe, akiwa bado na bandeji. Akamkabidhi meza ya darubini, nami nikawekwa chini yake. Nilifanya kazi chini ya Mwikali miaka kumi na mmoja. Kila bunduki tuliipima wote wawili, na aliponiuliza, "Iko sawa?" nilipima upya, hata kama nilikuwa nimepima sasa hivi. Tuliheshimiana. Sitakudanganya kwamba tulikuwa marafiki.

Basi nasaha yangu, mwanangu. Wivu utakujia, hakuna aliyezaliwa bila huo. Ukija, usiuache uchague maneno yako, wala usiuache uchague kimya chako. Mwenzako akikuuliza kama kazi iko sawa, mjibu kama utakavyotaka kujibiwa siku bunduki ikiwa begani mwako. Ukiona kosa lake, liseme lingali dogo, kabla halijamfikia asiyehusika. Na sifa ya mwenzako usiihesabu kama imetoka mfukoni mwako.

Haya, nenda kazini. Mola akupe mkono mtulivu na ulimi ulionyooka. Akuepushe na hasidi, na zaidi ya hapo, akuepushe usiwe hasidi wa mtu. Uinuke, na wenzako wainuke pamoja nawe.