Mkono wa Nani Leo

Nyumbani kwa mzee Leodegar, Kibamba, kichwa cha samaki hakiliwi ovyo. Sufuria ikishaepuliwa, mzee huuliza, "Mkono wa nani leo?" Aliyemnasa hujibu, "Mkono wangu," na kichwa huwekwa kwenye sahani yake. Ndivyo walivyolelewa Demetria na kaka yake Gaudens, tangu walipokuwa wakienda na baba yao mto Ruvu kila Jumamosi, ndoo mkononi na vipande vya sabuni ya mche mfukoni, maana kambare mkubwa akisikia harufu ya sabuni hajiwezi. Watu wengine walibishana mpira. Wao walibishana kambare.

Demetria alikuwa darasa la saba aliponasa kambare mrefu kuliko mguu wake. Mzee akampokonya mshipi. "Mpe kaka yako, wewe utaangushwa!" Gaudens akamalizia kuvuta, na jioni mzee alipouliza, kijana akajibu bila haya, "Mkono wangu." Picha ipo ukutani mpaka leo: Gaudens kamkumbatia samaki, Demetria kashika ndoo. Imemkaa kooni kama mwiba.

Sasa Demetria ni mwalimu, mtu mzima na watoto wake, na bado anataka jambo lile lile la kitoto: baba yake akiri kwamba naye ana mkono. Mzee miguu imegoma, mtoni haendi tena. Jumamosi iliyopita akatamani kambare. Gaudens akaendesha gari hadi Ruvu, akalaza kiti, akabaki na simu yake. Demetria akashuka ukingoni peke yake. Samaki alipovuta, mshipi ulimchana kiganja, lakini hakuita mtu. Safari hii hakutaka msaada wa yeyote. Alirudi na matope hadi magotini, kambare begani.

"Duh, sista, hilo balaa!" Gaudens akasema. "Ila usiliweke kwenye kiti."

Mezani mzee akakohoa, akauliza kama kawaida yake, "Mkono wa nani leo?"

"Mkono wangu, baba." Demetria akanyoosha kiganja kilichofungwa kitambaa. Moyo ulimdunda kama wa mtoto, na alijionea aibu kwa hilo.

Mzee hakukitazama. Alimgeukia Gaudens, akacheka. "Huyu naye! Haya, baba, mwachie dada yako kichwa, angalau afurahi."

Demetria akamkazia macho kaka yake. Neno moja tu lingetosha. Gaudens aliinamia sahani yake, kisha akachukua upawa, akampakulia kichwa.

"Chukua tu, sista. Mie nimeshiba."

"Unaona?" mzee akasema, amependezwa. "Una kaka mwenye roho nzuri. Mshukuru, basi."

Wote wawili wakamsubiri. Kichwa kilikuwa kikitoa mvuke mbele yake.

"Asante, kaka," Demetria akasema.