Jina Lisisomeke

Pale maabara ya damu tulimwita Mama Fizikia. Alifundisha fizikia miaka kumi na moja kabla ya kuja kwetu, na kwake kila kitu kilikuwa presha na mwanga. Tulimtania sana, mimi nikiwa kinara. Siku ile utani wote uliniishia.

Dada yake alikuwa chumba cha upasuaji, akivuja damu baada ya kujifungua. Damu ya kundi lake ulibaki mfuko mmoja tu, nayo ingemletea mzio isipooshwa kwanza kwa maji ya chumvi. Mama Fizikia alikuwa ameshamimina maji mfukoni alipoganda ghafla.

"Mwenzangu, chumvi niliitia?"

Maji yale aliyachanganya mwenyewe asubuhi, huku shemeji yake akimpigia simu kila dakika. Kwenye lebo ya chupa, sahihi ya aliyekagua ilikuwa yangu, na sikuwa nimekagua chochote. Nilijichukia.

"Onja basi!"

"Ulimi utaniambia ipo, hautaniambia inatosha. Seli ni kimfuko. Chumvi ikipungua nje, maji yanajaa ndani mpaka inapasuka. Tukimpa hiyo tunamuua."

Akavuta damu kidogo kutoka kwenye mfuko, akaitia kwenye mrija wa kioo pamoja na maji ya chupa ileile. Mrija wa pili akaujaza maji matupu, akadondoshea damu. Nyuma ya mirija akasimamisha fomu ya kuombea damu, yenye jina la dada yake kwa wino mweusi.

"Seli nzima hutawanya mwanga. Zikipasuka, mwanga unapita. Jina likisomeka, basi tena."

Mrija wa maji matupu ukatakata, mwekundu kama chai ya rangi. Jina likajitokeza, herufi zote. Tulisubiri dakika tano. Simu ikaita, hatukupokea.

"Soma wewe," alisema, amefumba macho. "Mimi nitaliona hata kama halionekani."

Nikainama kwenye mrija wa kwanza. Nilikodoa macho, nikageuza kichwa huku na huku, nikitafuta japo nukta.

"Halisomeki."

"Tazama vizuri!"

"Halisomeki, dada yangu. Ni wekundu mzito tu."

Akafumbua macho, akatazama mwenyewe. Kisha akaangua kilio, na mikono yake ikaendelea kuosha damu.