Mahindi ya Dani Mvunguni

Harufu ya gunia lililolowa ikinipata, hata leo, hujiona tena nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba chetu katika mtaa wa Kambi Muru, nikichungulia mvunguni mwa kitanda.

Ilikuwa miaka ya tisini. Dani, mama yake Baba, alikuwa amefariki, na Baba alirudi kutoka mazishini na punje chache za mahindi yake ya manjano. Panya wakazila, ikabaki moja tu. Mama akanipa niipande. Ikizaa, tungekuwa na mbegu ya Dani tena. Mimi nilijua njia moja tu, ile niliyomwona Dani akioteshea wimbi, yaani ulezi, la kimea: lowesha, funika kwa gunia, weka gizani. Nikaipanda kwenye mkebe, nikaufunika, nikausukuma mvunguni.

Mche ulirefuka upesi nikajivunia sana. Halafu Mama akavuta gunia. Ulikuwa mwembamba, umepauka kama uji, na jani lake limejiviringisha kama sindano.

"Ngai!" akacheka Mama Wanjiru, jirani yetu, akiwa mlangoni. "Hii ni mahindi ama ni tambi?"

Mama hakucheka. "Wimbi ya kimea ni ya kusagwa, wewe. Hii ni ya kuishi!"

Nikautoa nje, kwenye kipande cha jua kati ya mabati mawili, nikakaa hapo nikifukuza kuku. Baba, aliyeniita Mbona kwa sababu ya maswali yangu, akasema, "Mbona, wachana nayo. Hata wewe ukiangaliwa hivyo huwezi kula."

Sikubanduka. Kufikia jioni jani lilikuwa limeanza kukunjuka, polepole, bila kuguswa na mtu. Kesho yake lilikuwa wazi, kijani kikiliingia.

"Nani amelifungua?" nikamuuliza Mama.

"Jua."

"Kwani jua lina mikono?"

Mama akanipa kikombe cha maji niumwagilie mche.

Mche ule, tulioupanda baadaye kando ya reli, ulizaa hindi moja tu, lenye mapengo kama kinywa cha Dani mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, chuoni, kwa kuwa siamini nilichoambiwa tu, nilirudia jambo lile kwa ngano. Gizani mche hujirefusha ukitafuta mwanga, jani likiwa limejikunja. Mwanga mwekundu ukiligusa, hata kidogo, homoni huamka ndani yake nalo hufunguka. Nilidhani nikishaelewa, maajabu yangekwisha. Lakini nilisimama mbele ya vile vijani nisibanduke, kama zamani.

Jua, kumbe, halina mikono. Mikono ilikuwa ndani ya jani, tangu kule mvunguni, ikingoja kuambiwa.