Nililala kwenye buti kuusaka mlio wa gari kabla ya harusi ya mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Mpanda, mtaa wa Shanwe, na haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mwenye kubisha aje nimpe lift, akisikia kitu kinalia ndani ya gari langu ashuke anitukane.

Kwanza mjue mimi si fundi. Nauza vifaa vya umeme, nyaya, soketi na taa. Ila kuanzia sasa mkiniita fundi sikatai.

Gari langu ni station wagon ndogo ya Kijapani, used kama magari yetu yote. Engine safi, bodi safi. Tatizo lake lilikuwa makelele. Ukitoka tu kwenye lami, ndani kunaanza kugonga, ka-ka-ka, mpaka abiria anashika dashboard akidhani linafumuka.

Fundi wa kwanza alisema ni bush. Tukabadilisha. Wa pili akasema stabilizer link. Tukabadilisha. Wa tatu hata hakupanda, alilisukasuka kwa mkono akiwa amesimama nje, akasema shock up hizo. Pale nilikasirika nikawasha gari nikaondoka. Mtu mlio wenyewe hajausikia, anatibu nini?

Baada ya hapo nikawa naongeza sauti ya redio, maisha yanaenda.

Sasa ikaja harusi ya mdogo wangu, Kabula.

Kabula ndiye wa mwisho kwetu. Sisi ni Wasukuma, wazee walihamia Litapunga na ng'ombe mimi nikiwa mdogo, yeye akazaliwa hukuhuku. Mzee alipofariki, tulimlea mimi na mama. Tangu yuko sekondari nilimwambia, siku ukiolewa utatoka nyumbani kwenye gari langu, na dereva nitakuwa mimi. Wakuu, hilo kwangu halikuwa jambo la utani. Baba hayupo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumfikisha kanisani.

Tumekaa kikao cha kamati ya harusi, tumefika kwenye usafiri, nikasema gari la bibi harusi ni langu. Mwenyekiti wetu ni mjomba Maganga, kaka yake mama. Yule mzee ana mdomo. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mjomba, lile gari lako ukiwa bado uko mjini, sisi Litapunga tunajua unakuja! Huyo mtu wa video atarekodi nini mle ndani?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Hapohapo mmoja akapendekeza gari la rafiki yake bwana harusi.

Nikasimama. Nikasema nipeni mpaka Ijumaa, mjomba mwenyewe atapanda, akisikia mlio hata mmoja najitoa.

"Sawa," akasema mjomba. "Ila nyie msije mkasema nimemuonea mtu."

Kilichoniuma si kuchekwa. Kabula alikuwepo, amekaa pembeni ya mama, na niliona ameinamisha uso.

Kesho yake nikafunga duka.

Hapa ndipo naomba msome taratibu wenye magari yanayolia, maana ndipo penye faida.

Nilitoa kila kitu ndani. Spea tairi, jeki, spana ya tairi, makapeti, chupa za maji, miwani, chaja, mpaka karatasi za kwenye droo ya dashboard. Likabaki tupu. Nikaenda nalo kwenye barabara mbovu ya nyuma ya mtaa, redio imezimwa, vioo vimefungwa. Nusu ya makelele ikawa imepotea!

Nikaanza kurudisha kimoja kimoja, kila nikirudisha naendesha tena.

Jeki ilikuwa inacheza kwenye kitako chake. Nikaizungushia tyubu ya baiskeli, ikatulia. Spana ya tairi nikaifunga kwenye kitenge kilichochakaa cha mama watoto (nilikiomba, jamani, sikuiba). Buckle ya mkanda wa nyuma ilikuwa inagonga plastiki ya mlangoni, nikaibana isicheze. Dashboard nayo ilikuwa inalia upande wa redio, kwa sababu aliyefunga ile redio alirudisha plastiki bila kubana klipu zote. Nikaitoa, nikabandika vipande vya sponji ya godoro kwenye kingo, nikarudisha.

Wakuu, niliendesha nikiwa peke yangu nikasikia pumzi zangu. Nilipiga honi kwa furaha katikati ya watu.

Nikampitia mama watoto, Asha, na mama yake aliyekuwa anatutembelea. Nataka sifa. Mama mkwe akaketi nyuma. Tumeacha lami tu, tok. Tok. Tok-tok.

Mama mkwe, kwa heshima zake, akatazama nje dirishani. Asha ndiye aliyesema, "Baba Juma, si ulisema limepona?"

Ikabidi nifikiri. Nikiwa peke yangu halilii, mtu akikaa nyuma linalia. Na bibi harusi anakaa wapi? Nyuma! Hapo hakuna kukwepa. Lakini ukiwa umeshika usukani huwezi kusikia sawasawa kinacholia nyuma yako.

Nikachukua gunia la mahindi, nikalikalisha siti ya nyuma, nikalifunga mkanda. Usukani nikampa Asha, anaendesha vizuri kuliko mimi, nasema hivyo kwa kuwa najua hapa hasomi. Halafu mimi nikaingia kwenye buti, nikalala ubavu, sikio limegusa mgongo wa siti, tochi ya simu mkononi.

Tukazunguka mtaa polepole. Kila nikisikia kitu napiga kelele, "Rudi! Pita tena hapo!"

Mzunguko wa tatu gari likasimama. Nikasikia sauti ya balozi wetu wa mtaa.

"Mama Juma, humo nyuma umebeba nini kinachopiga kelele?"

"Mume wangu," Asha akajibu.

"Na huyo aliyefungwa mkanda?"

"Mahindi."

Balozi akaja kuchungulia, nikamsalimia nikiwa nimelala vilevile, shikamoo mzee. Akaitika marahaba, akanitazama kwa huruma sana, akauliza kama ndugu zangu wana taarifa. Nikamwambia natafuta mlio. Akaondoka anatikisa kichwa. Mpaka leo tukikutana ananiuliza naendeleaje.

Lakini kabla hajatusimamisha, nilikuwa nimeshapata. Ni loki ya mgongo wa siti. Mnajua siti hizi za kulaza ili upakie mzigo? Kuna loki inayokamata kichuma kilichopinda kwenye bodi. Upande wa kushoto loki ilikuwa inakamata nusunusu, kwa hiyo mtu akiegemea, chuma kinagonga chuma.

Nikaingiza kidole kwenye tundu la loki. Kuna uchafu umeganda, mweusi, umeshikana na vumbi kama gundi. Nikanusa. Kisha, msinicheke, nikalamba.

Tamu!

Ni asali, wakuu. Asali ya Inyonga, kule kwa wafuga nyuki wetu.

Hapo kumbukumbu ikarudi yote. Nilienda Inyonga kwa mambo yangu, mtu mmoja akaniomba nimletee ndoo yake ya asali. Nikalaza siti, ndoo ikakaa juu ya mgongo wa siti, njia mbovu ikalegeza mfuniko, asali ikamwagika kidogo. Nilifuta kapeti nikaona nimemaliza. Kumbe nyingine iliingia kwenye loki, ikanywa vumbi la Katavi, ikawa jiwe.

Nikachemsha maji, nikachukua mswaki mkuukuu, nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Nikakausha, nikapaka grisi kidogo, nikavalisha kile kichuma kipande cha tyubu. Nikafunga siti. Iliitika klak moja nzito ambayo sikuwahi kuisikia tangu safari ile ya Inyonga. Halafu nikagundua kwamba siku zote hizo watoto wangu walikuwa wanaegemea siti ambayo haijafunga.

Ijumaa mjomba Maganga akaja. Nikamkalisha kulekule nyuma kushoto, nikamtembeza kwenye makorongo yote ninayoyajua. Kimya. Akasogeza sikio mlangoni. Kimya. Akaegemea kwa nguvu makusudi, akajirusharusha na kofia yake.

"Ilikuwa nini?" akauliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Asali, mjomba. Ilimwagikia kwenye loki."

"Asali ya nani tena?"

"Ndoo yako ile ya Inyonga."

Alivua kofia, akaipangusa vumbi. Kisha akasema, "Basi andika kwenye grupu la kamati kwamba gari la bibi harusi limepatikana." Wakuu, nilijiona mrefu kama mnazi.

Funzo langu ni hili. Mlio wa ndani ya gari usiutibu kwa kubahatisha. Toa kila kitu, anza na gari tupu, rudisha kimoja kimoja, na mtu mwingine aendeshe wewe usikilize. Na usidharau mlio mdogo, unaweza kuwa siti ya mtoto haijafunga.

Nimalizie na siku yenyewe.

Tumetoka nyumbani Litapunga, Kabula nyuma na shela lake, matroni pembeni yake, mimi usukanini. Tupo kwenye vumbi, msafara unapiga honi huko mbele. Ndani kimya kabisa. Na katika kile kimya nikasikia mtu anavuta pumzi taratibu, anajizuia kulia. Matroni alikuwa anaangalia simu, hakuona.

Nikapunguza mwendo. Nikamuuliza kwa Kisukuma, nini mama?

"Kaka, nilitamani baba awepo."

Nikasimamisha gari pembeni, msafara ukatangulia. Nikageuka, nikamshika mkono. Tulilia pamoja kidogo, tukafutana machozi, matroni akamrekebisha uso. Kisha akasema, "Haya kaka, twende." Nikampeleka.

Kwa makelele ya zamani nisingemsikia, ningemfikisha kanisani analia peke yake huku mimi nimeongeza redio.

Haya wakuu, gari lako linalia wapi na linalia vipi? Shusha hapo chini, na waliowahi kukamata vitu vya ajabu kuliko asali nao waje. Nipo nasoma.