Beba, chombo kisichoogopa umeme kukatika

Hana diploma ya kompyuta. Hana jenereta, wala mtandao nyumbani. Kiti chake hakina mgongo, na kibodi anayotumia imepoteza vibonye viwili. Mwalimu hakuwahi kuwa naye: alichojifunza alikisoma peke yake, sentensi moja moja, kwa Kiingereza ambacho pia hakufundishwa na mtu.

Lakini saa tatu asubuhi ya Ijumaa hii, Delphine Nkandu, fundi wa kompyuta mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, amesimama katika karakana moja ya mtaa wa Kamalondo akimhimiza bosi wake.

"Papa, vuta ile fil. Vuta tu!"

Bosi, Zéphirin Kangwa, ameshika waya wa umeme wa kompyuta. Mkono hautaki.

"Weye, mwezi wa tatu kitu yako ilikula machine yangu. Leo unataka ikule na hii?"

Delphine hutumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaopatikana bure. Programu zake huja katika vifurushi, na kifurushi kimoja huhitaji vingine. Ndiyo maana kuna chombo maalumu cha kuvipakua na kuvipanga. Lakini umeme ukikatika chombo kikiwa katikati ya kazi, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Na mtaani kwake umeme hukatika mara tatu au nne kwa siku.

"Nilichoka kufufua machine ya bantu," anasema, yaani kompyuta za watu. "Nikasema, acha nitengeneze yangu."

Kwa miezi kumi na minne ameandika chombo alichokiita Beba. Beba huandika kila hatua kabla ya kuifanya, na huweka programu mpya kando ya zile za zamani mpaka zote zikamilike. Umeme ukirudi, Beba huendelea pale ilipoishia.

Watu wa kujitolea wanaotengeneza aina ya Linux iitwayo Korongo wameijaribu, wakaipenda. Wanataka kuiweka katika toleo la Oktoba, litakalofika kwenye kompyuta elfu nyingi. Sharti lao ni moja: barua ya karatasi yenye saini mbili za wino, ya Delphine na ya mwenye karakana alikoiandikia, inayoruhusu kila mtu kuitumia Beba. Lazima ifike Ubelgiji kabla ya Jumanne.

Zéphirin amekataa kwa wiki mbili. Leo amekubali: machine ikipona baada ya kukatiwa umeme Beba ikiwa katikati ya kazi, atasaini.

Mlangoni amesimama jirani yao Clément, anayepanda ndege leo kwenda Ubelgiji na atakayeibeba barua, na sanduku lake. "Papa Zéphirin, avion haiwezi kuningojea!"

Zéphirin anafumba macho, anavuta. Skrini inakuwa nyeusi. Anaurudisha waya. Kompyuta inawaka, mistari inaanza kukimbia: kifurushi cha arobaini na moja, cha arobaini na mbili...

"Iko naendelea!" anapiga kelele. "Clément, kuja uone, iko naendelea!"

Anavuta tena, bila kuombwa. Mara ya nne Delphine anamshika mkono.

"Basi, papa! Sasa ni weye utaiua."

Mwezi wa Oktoba Delphine atakwenda mtaa wa Ruashi, kwenye shule moja yenye kompyuta kumi na moja zisizowaka. "Zote nitaziamusha," anasema. "Batoto baanze kuandika programu yabo."

Zéphirin anasaini kwa herufi kubwa kuliko za Delphine. Analamba bahasha mwenyewe, anaibana kwa kiganja, kisha anagonga muhuri wa karakana juu ya kifuniko. Clément anaitia mfukoni mwa koti, anapanda pikipiki, na kuelekea uwanja wa ndege wa Luano.