Nilivyotulia Mpaka Nikamuua Mwenyekiti

Nikisikia mtu akisema kiongozi mzuri ni yule anayetulia wakati wa shida, huwa naangalia chini na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu mimi nilitulia, tena nilitulia vizuri sana, mpaka nikamuua mzee wa watu ambaye saa hiyo alikuwa ameketi kwa binti yake kule mtaa wa Fedha akinywa uji. Aibu ile bado inanichoma. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana mkisimuliwa na Wafula ataongeza chumvi (na kusema kweli mkasa huu hauhitaji chumvi).

Sisi ni kikundi cha wachongaji. Banda letu lilikuwa Majengo, kwenye ploti ya mtu, mahali ambapo ukisimama mlangoni unasikia kelele za soko lote la Gikomba. Wanaume wanachonga twiga, vifaru na vijiko vikubwa vya mbao, na sisi wanawake tunapiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mti ung'ae. Mwenyekiti ni Mzee Kilonzo. Naibu wake ni mimi, Mama Ndinda, na msidhani nilichaguliwa kwa akili, shule niliachia darasa la saba. Nilichaguliwa kwa sababu siongei sana, na watu wakaona mtu asiyeongea hawezi kuleta fitina. Kazi ya naibu ilikuwa kukaa karibu na Mzee na kutikisa kichwa. Basi Mzee akaugua kifua, akalazwa, akatoka, binti yake akamchukua akapumzike kwake, na kabla sijazoea kukalia kiti chake, mwenye ploti akamtuma ajenti wake atuambie anataka kujenga ghorofa, tuhame.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu. Sitawachosha na hilo. Niseme tu kwamba nilikuwa bado navaa nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, na ile sauti yangu ndogo ilikuwa imepungua zaidi. Mtu akinisalimia, namjibu kwa kichwa.

Katika kuhangaika huko nikasikia kuna semina kanisani ya viongozi wa vikundi vidogo, nikaenda. Mwalimu aliyekuja kufundisha alikuwa mtu wa falsafa, kijana mpole mwenye miwani, na mimi falsafa nilidhani ni mambo ya watu kubishana kama Mungu yupo. Kumbe yeye akatuambia watu wa kale walifikiri sana juu ya taabu, na kwamba walichofikiri kinaweza kumsaidia hata mtu anayeongoza kikundi cha kuuza mboga. Akasema, "Dhoruba ikija, kiongozi asikimbilie kusema. Anyamaze kwanza. Ajiulize, kipi kiko mikononi mwangu na kipi hakiko? Akishajua, ndipo afungue mdomo. Utulivu wake utawashika watu wake."

Mimi nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake ni kipaji. Kunyamaza! Si hicho ndicho kitu pekee ninachokiweza?

Mkutano ukawa asubuhi, hapo bandani, na ajenti alikuwa ameahidi kupita asikie ombi letu. Tulitaka tuongezewe muda tu, tutafute mahali pa kuhamia wote pamoja. Maana hofu ilikuwa hiyo, kutawanyika. Wengine walikuwa tayari wamefunga tezo zao za kuchongea kwenye magunia, kila mtu na shemeji yake aliyemwahidi kibaraza mahali fulani. Mchongaji akienda peke yake atachonga popote. Lakini anayepiga msasa, wachongaji wakitawanyika, atasugua nini? Ukuta? Wanawake kumi na kitu walikuwa wananiangalia mimi, na mimi nilijiangalia pia, mjane asiye na kazi nyingine.

Makelele yakaanza kabla hata sijakaa. Huyu anasema tuhame leo, huyu anasema tusihame hata watuletee tingatinga, mwingine anauliza kwa nini hatuambiwi ukweli, Mzee yuko wapi, kwani anaendeleaje, mbona hatumsikii? Mama Atieno, yule anayetuongoza nyimbo tukiwa na jambo, akapiga kofi mezani, "Haya nyinyi! Mwacheni naibu aongee!"

Wakanyamaza. Wakanigeukia wote.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Badala ya kusema "ndugu zangu, hamjambo", nikakumbuka mwalimu. Nikasimama wima. Nikakunja mikono mbele. Nikainamisha kichwa, nikafunga macho, nikaanza kujiuliza polepole kipi kiko mikononi mwangu.

Sasa hebu jiwekeni mahali pa wale watu. Mwenyekiti ni mgonjwa. Mmeuliza anaendeleaje. Naibu wake, mwanamke aliyevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni, anasimama mbele yenu asijibu, anainamisha kichwa na kufunga macho. Kwetu hapa nani hajui hiyo ni nini? Mkutano wetu wowote ukianza hivyo, mwisho wake ni kuchanga pesa za jeneza. (Mimi sikulifikiria hilo hata kidogo. Mimi nilikuwa kwenye falsafa.)

Nikasikia viti vinasogezwa, watu wanasimama. Nikajisemea, ona, utulivu umewashika, mwalimu alisema kweli. Nikasikia mtu anavua kofia. Nikasikia Wafula, yule mchongaji ambaye huchelewa kila mkutano, anaingia akipiga mbinja, mbinja ikakatika katikati, akanong'ona, "Ni Mzee?" Na mtu akavuta pumzi ile ya kukubali. Hata hapo sikushtuka. Nilidhani anauliza kama Mzee amekuja.

Kisha Mama Atieno akaanzisha wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kuaga, uleule walioniimbia mimi pale kaburini, na sauti ilikuwa yake yeye yule. Jamani, mwili wangu haukuniuliza. Machozi yalitoka kabla sijajua nalia. Nilisimama pale na mabega yakitikisika, nikamwona mume wangu akishushwa upya, na nilisahau ploti, nikasahau ajenti, nikasahau hata kujiuliza kwa nini watu wanaimba wimbo wa mazishi kwenye mkutano wa kuhama. Na wao waliponiona nalia, basi ikawa imethibitika. Banda zima likaangua kilio.

Ajenti alitukuta hivyo. Nilipofungua macho nilimwona yuko mlangoni, ameshika kofia kifuani, Wafula anamwongelesha kwa sauti ya chini. Akatikisa kichwa kwa huruma, akatoka nje na simu sikioni. Wafula akaja kwangu mbio, macho mekundu lakini uso unang'aa.

"Mama Ndinda, pole sana. Lakini Mungu si Athumani! Ajenti ameongea na mwenye ploti. Amesema hawezi kufukuza watu wenye msiba. Tumeongezewa miezi, mama! Mpaka tumzike na tujipange. Hata anatuletea mchango."

"Tumzike nani?" nikauliza.

"Si Mzee."

"Mzee gani?"

"Kilonzo, mama. Mwenyekiti." Akanishika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu.

"Kilonzo amekufa lini?"

Wafula aliniangalia. Mama Atieno akaacha kuimba. "Si wewe umetuambia sasa hivi?"

"Nimewaambia nini? Mimi sijafungua mdomo!"

Niliona nyuso zile zikibadilika moja moja, kama taa zinazozimika kwenye jumba. Mtu wa nyuma akacheka kicheko cha ghafla, akajiziba mdomo. Na hapo Wafula akafikiri haraka kuliko sisi wote, akaninong'oneza karibu na sikio, "Nyamaza. Mama, nakuomba, ajenti bado yuko hapo nje. Nyamaza tu mpaka aende. Si ulikuwa unanyamaza vizuri?"

Na wengine nao. "Nyamaza, naibu." "Uongo hujasema wewe." "Tutamwambia baadaye tulisikia vibaya."

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Si dakika nyingi, lakini nilifikiria. Niliona wale wanawake na vipande vyao vya msasa mikononi. Miezi ile ndiyo tuliyokuwa tunaiomba, na ilikuwa imeletwa mlangoni, na kuipokea hakukuhitaji hata neno moja kutoka kwangu.

Ndipo nikasikia sauti ikitoka upande wa Gikomba.

Kumbe mama mmoja aliyekuwa akipita alisikia wimbo na jina la Kilonzo, akakimbia moja kwa moja kwa Mama Mwende, mke wa Mzee, anayeuza mitumba kule chini. Mama Mwende alikuja na viatu mkononi, leso imemfunguka, watu wanamfuata. Alipomwona ajenti ameshika kofia, alianguka pale mlangoni na kupiga yowe ambalo sitalielezea. Mimi nalijua yowe lile. Nililipiga mimi. Likishatoka, halirudi tena ndani lote.

Nikasukuma watu. Mimi niliyekuwa sina sauti nikapaza sauti mpaka nje barabarani, "Mzee Kilonzo yuko hai! Hakuna aliyekufa! Mama Mwende, mumeo hajafa, ni mimi, ni mimi nimekosea!"

Hakuniamini. Ikabidi Wafula apige simu, aiweke kwenye spika wote wasikie. Ikalia, ikalia. Kisha kikohozi, na sauti ya Mzee, "Haloo? Mbona kelele hivyo, nani amekufa?"

"Ni wewe, Mzee," Wafula akasema.

Mzee akakohoa tena. Kisha Mzee akasema, "Na nimalize uji, ama niache?"

Watu walicheka, wengine wakiwa bado wanalia. Mama Mwende hakucheka. Aliichukua ile simu akaishika kwa mikono miwili, akaongea Kikamba maneno ambayo hayakuwa yetu kuyasikia, kisha akanigeukia. "Mama Ndinda, wewe umezika juzi. Wewe! Ungewezaje?" Nikainama nikamwokotea viatu vyake, na mara hii sikuita kimya changu falsafa.

Ajenti naye alikuwa amevaa kofia yake. "Kwa hivyo mmenichezea matanga," akasema.

"Hatukukuchezea. Ni mimi sikusema, na watu wakadhani."

"Basi nitampigia mwenye ploti nimwambie marehemu anakunywa uji." Na akampigia, mbele yetu. Muda ukarudi ulivyokuwa. Nikaongezewa na wenzangu maneno ya kunitosha mwaka mzima, mmoja aliniambia, "Naibu, ungekuwa na dhambi ndogo tu tungekuwa na banda." Sikumlaumu.

Lakini ilikuwa lazima mtu aseme kitu, na kiti kilikuwa changu. Nikasema yote kwa sauti safari hii, yale niliyokuwa nimeyafikiria na macho yamefungwa: ploti si yetu, haiko mikononi mwetu, tusiililie tena. Vilivyo mikononi ni tezo, magogo yetu, na sisi kukubali kuondoka pamoja. Nikasema sijui tutaenda wapi. Nikasema naogopa. Nikawauliza nani atabaki nasi. Wengine walichukua magunia yao wakaenda zao, na Wafula, niliyedhani atakuwa wa kwanza kuondoka, akakaa chini akasema, "Mimi nabaki, nisubiri kuona utamuua nani mwingine."

Sasa tuko Kiamaiko, waliobaki, kwenye kibanda kilichobanana na soko la mbuzi, na twiga wetu wananuka beberu kiasi kwamba mnunuzi mmoja aliuliza kama tunatumia ngozi halisi. Wanawake wanasugua. Mzee amepona, anakuja akiegemea fimbo. Mama Mwende ananisalimia, lakini bado hanikaribishi chai.

Mwalimu wa falsafa simlaumu, alichosema ni kweli, ila hakuniambia kwamba watu wenye hofu hawawezi kukiacha kimya cha kiongozi kikiwa kitupu. Watakijaza, na watakijaza kwa lile wanaloliogopa zaidi. Kwa hiyo nimeapa, na wote bandani ni mashahidi: sitasimama tena mbele ya watu na kunyamaza kabla sijawaambia, kwa majina, ni nani na nani wako hai.